Tiketi ya Watu Wanne

Wiki mbili baada ya kumzika Baba, Mama alianza kusimulia ile hadithi ya tepu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimkatiza mbele ya wageni. Tulikuwa nyumbani kwa wazazi, Kianda. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja na mkate, sukari na maombi, wamejipanga kwenye makochi aliyoyatengeneza Baba mwenyewe, vikombe magotini. Mama alipoona maombi yamekwisha na watu wameanza kuangalia mlango, akatafuta kitu cha kuwachangamsha. "Huyu Nanjala mnamwona hapa," akasema, "alikuwa na akili ya vitabu mpaka akampima mtoto, akamkuta amezidi tiketi." Mama hucheka kabla hajafika mwisho, na watu hucheka kwa sababu yeye anacheka. Nimeisikia hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Imesimuliwa siku ya harusi yangu. Imesimuliwa ndugu yangu Wafula alipomaliza chuo. Kila mara mjinga ni mimi, na Nekesa, ambaye ndiye aliyepimwa, hukaa palepale akicheka na wengine huku akijibandua gundi iliyokauka vidoleni. Siku hiyo Nekesa hakuwepo, na labda ndiyo sababu nilipata mdomo. Nikasema, "Mama, hiyo leo hapana." Akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa chai. "Kwani nimedanganya? Si wewe ulipima?"

Niliinuka nikaingia chumba cha ndani kabla sijasema neno la kuaibisha msiba. Kazi ilikuwepo huko, nashukuru. Nilikuwa nimeagizwa kupanga vifaa vya Baba, kipi kiende kwa Wafula ambaye hajawahi kupigilia msumari, kipi kiende kwa Nekesa ambaye ni fundi kama yeye. Nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda nikaanza kutoa kwa fujo, kwa hasira, nikiviweka vitu sakafuni kwa kelele ili Mama asikie. Randa, misumeno miwili, patasi za ukubwa wote, penseli zake bapa alizokuwa akizichonga kwa kisu. Chini kabisa, imefungwa kwa kitambaa cha khaki, nikaikuta tepu. Ni ileile, ya bati la manjano, yenye mkwaruzo mgongoni. Sikuwa nimeishika tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

Sitaki kueleza ukoo wetu hapa, na wala sina nguvu hizo. Inatosha kusema kwamba Aprili ya mwaka ule tulienda nyumbani, Bungoma, kumzika ndugu mdogo wa Baba, na tuliporudi Nairobi tulikuwa watu watano badala ya wanne. Nekesa, mtoto wake, alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Tulikuwa tunakaa Lindi, ndani ya Kibera, wakati huo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua makubwa ya rangi ya zambarau, kitanda cha wazazi upande ule, kochi, meza, jiko na sisi upande huu. Nekesa alilala miguuni pangu. Alikuwa na sweta ya kijani ambayo mikono yake ilimfunika hadi kwenye kucha, na baada ya wiki moja niligundua kwamba Mama akitugawia chapati, nusu ya chapati ya Nekesa ilikuwa inaingia kwenye mkono wa sweta. Asubuhi aliila polepole akijifunika blanketi. Sikumsema. Siku nyingine nilimwachia na kipande changu. Naandika hilo kwa sababu nataka mtu ajue nilimpenda, kabla sijafika kule ninakokwenda.

Kwetu hakuna neno la mtoto wa ndugu. Mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, basi, na mtu akikuuliza "huyu ni wako kabisa?" unamwona hana adabu. Baba alisimama kanisani Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, akasema, "Mungu alikuwa amenipa watoto wawili, sasa amenipa watatu," na kanisa zima likasema amina. Mama naye alisema amina. Lakini Mama ndiye aliyeshika mwiko. Ni yeye aliyekuwa akikata ugali, na ugali wa watu wanne ukigawiwa watu watano, anayeona makali ya kisu ni anayegawa. Nilimwona siku moja amesimama juu ya sufuria ya mayai matatu, mwiko hewani, hajui aanzie wapi. Leo nina watoto na namwelewa kwa lile la mayai. Kwa mengine simwelewi na sijaribu.

Oktoba, asubuhi, wakati wa kuvaa sare za shule, niliwasikia nyuma ya pazia. Walidhani tumetoka. Mama alikuwa anasema kwa sauti ya chini, bila kugombana, na hilo ndilo lililonifanya nisimame. "Sikatai kumlisha, Baba Nanjala. Nimekataa? Namwosha, namsuka, namtafutia viatu. Lakini siku moja tu kwa mwaka mzima, siku moja, nataka kukaa na watoto wangu wawili nisigawe." Nilingoja Baba ajibu. Nilitaka amgombeze. Nilitaka aseme lile alilolisema kanisani. Nikasikia anavaa kiatu, halafu cha pili, halafu akasema, "Chai iko?" Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Baba. Watu walimsifu kwenye mazishi kwamba alikuwa mtu mkimya, na kila aliyeshika kipaza sauti akarudia, mtu mkimya, mtu wa amani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikakubali kwa kichwa kama wengine.

Novemba Baba alipata kazi ya wiki tatu kwenye uwanja mmoja wa michezo uliokuwa umefunguliwa upande wa pili wa mji, tulipaita Bembea tu, ingawa bembea ndicho kilikuwa kitu kidogo kuliko vyote pale. Kulikuwa na gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, magari ya kugongana, na treni ya watoto. Baba alitengeneza madirisha ya kukatia tiketi, na pia alipigilia langoni twiga wa mbao mwenye mkono mmoja ulionyooka. Mkono wa twiga ulikuwa mita moja na sentimita kumi kutoka chini. Mtoto akipita chini yake bila kuguswa, anaingia bure. Nakumbuka alivyotueleza habari za twiga huyo huku anakula ugali kwa omena, akionyesha kwa mkono, na Wafula akauliza kama twiga ana macho. Halafu akatoa karatasi ya matangazo mfukoni, akaikunjua juu ya meza, akasema mwaka huu hatuendi nyumbani Krismasi, tumeenda Aprili, inatosha. Mwaka huu tunaenda likizo kama watu. Nilikuwa sijawahi kusikia neno likizo likitumika kwa kitu kingine zaidi ya kufungwa kwa shule.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa darasa la saba, wa tatu kwa hesabu. "Nanjala, wewe ndiye umesoma," Baba akasema. "Tuambie tunanunua gani." Mnajua mtoto wa kwanza akiambiwa hivyo anavyovimba. Nilikaa na ile karatasi siku tatu. Kulikuwa na njia ya tokeni: kila mtu analipa kidogo langoni, halafu ananunua tokeni za mchezo mmoja mmoja, na kwa uwezo wetu kila mtu angepata michezo miwili. Kulikuwa na bangili: unafungwa bangili ya plastiki mkononi, unapanda chochote mpaka jioni. Na kulikuwa na tiketi ya familia, iliyokuwa bei nafuu kuliko kununua bangili moja moja, ingawa ingemaliza pesa zetu zote: bangili nne, chipsi na soda, lakini sharti ilipiwe kabla ya Krismasi. Kwenye picha ya tiketi hiyo kulikuwa na baba, mama, msichana na mvulana, wote wanacheka. Nilimchukia yule mchoraji baadaye, lakini siku ile nilimwona amechora sisi. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikasoma habari ya twiga. Nikaruka. Nekesa alikuwa mfupi kuliko watoto wote wa darasa lake. Tiketi ya familia kwa sisi wanne, Nekesa anapita chini ya twiga, sote watano tuko ndani. Baba akanipa mkono kama mtu mzima. Wafula akazunguka meza akiimba. Nekesa alicheka kwa sababu sisi tunacheka.

Mama akasema, akiwa amegeukia jiko, "Mpimeni kwanza."

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Baba alikuwa kwenye kochi na kikombe chake cha bati. Angeweza kuinuka ampime mwenyewe. Kupima ndiyo ilikuwa kazi yake, na mkono wa twiga ulikuwa umepigiliwa na mikono yake. Badala yake akaitoa tepu mfukoni, akaninyooshea. "Mpime, mwalimu." Nilimsimamisha Nekesa dhidi ya mlango, bila viatu. Nikapiga magoti, nikashikilia ncha ya tepu kwa kidole gumba kwenye kisigino chake, nikaivuta juu mpaka kichwani na kuweka kitabu cha nyimbo juu ya nywele zake. Sasa lazima mwelewe kwamba tangu Aprili huyu mtoto alikuwa anaambiwa kula ukue, kula uwe mrefu kama Nanjala. Alidhani ni mtihani wa kukua. Alivuta pumzi, akanyoosha shingo. Nilisoma mia moja na kumi na mbili. Akauliza, "Nimekuwa mrefu?" na uso wake ulikuwa umefurahi kweli.

Sukuma wiki ilikuwa inaungua na Mama hakuigeuza. Baba akanywa chai, akaiweka, akaniuliza, "Sasa?" Neno moja hilo, kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kulikuwa bado na tokeni. Kwa tokeni tungeingia wote watano, tupande michezo miwili miwili, tule chapati tulizobeba nyumbani. Nilijua hivyo, nilikuwa nimepiga hesabu hiyo mara nne. Wafula akasema, "Tokeni hapana, aki, Nanjala, gurudumu, magari, kila kitu." Nikaangalia ile picha ya watu wanne. Nikasema, "Ya familia." Baba akasema, "Haya, mwalimu amechagua," na Mama akageuza mboga. Hivyo ndivyo nilivyopewa kosa, na nimelibeba tangu siku hiyo.

Siku ya kwenda, siku moja baada ya Krismasi, Mama alimsuka Nekesa vizuri kuliko alivyonisuka mimi, mistari midogo yenye shanga nyeupe, akamvalisha gauni jipya la Krismasi. Hilo bado linanipandisha hasira. Baba akamshika mkono wakaondoka mapema kwa miguu hadi Kawangware, kwa Senge Rhoda, shangazi yetu, dada yake Baba, ambako aliambiwa kuna sherehe. Senge alikuwa anachemsha githeri, mahindi na maharage ya kila siku. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe. Sisi tukaenda Bembea. Langoni, mbele yetu, kulikuwa na mtoto amevaa kofia ya Krismasi, akapita chini ya mkono wa twiga bila kuguswa hata na kofia. Kichwa cha Nekesa kilikuwa kinafika kwenye kifungo cha tatu kutoka juu cha gauni langu. Cha yule mtoto kilifika cha pili. Nikajiambia walinzi wanapendelea watoto wa wakubwa. Nilipanda kila kitu. Nilipanda gurudumu mara tano, Mama akapiga kelele huku amemshika Baba bega, na kweli sikuwahi kumwona na furaha hiyo, si kabla, si baada. Chipsi zilikuwa na chumvi nyingi na nilizimaliza zote.

Tulimpitia Nekesa jioni. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha Senge, gauni halina hata doa. Nyumbani nilipaka sabuni mkononi, nikaivua ile bangili ya rangi ya chungwa bila kuikata, nikampa. Halafu nikamweleza kila kitu, mchezo kwa mchezo, jinsi gurudumu linavyosimama juu kabisa na unaona mabati ya Kibera yote. Niliona namtendea wema. Alisikiliza hadi mwisho na hakuuliza swali.

Sasa nirudi Kianda, kwenye sanduku. Nilikaa sakafuni nikaivuta ile tepu, bila sababu, jinsi mtu anavyovuta tepu. Ncha yake haikuwa na kile kijichuma cha kushikia. Ilikuwa imekatika, na ukingo umepigwapigwa nyundo ili usikate mtu, kazi ya zamani, na namba ya kwanza kwenye tepu ilikuwa sita. Sentimita tano hazikuwepo. Nikatoa tano kwenye mia moja na kumi na mbili, hapohapo sakafuni. Mia moja na saba. Nekesa angepita chini ya twiga hata akiwa amevaa viatu. Na Baba, fundi aliyeishi na ile tepu kila siku ya Mungu, alikaa na kikombe chake akanitazama nikipima kutoka ncha iliyokatika, akanyamaza. Nilimtukana. Nilimtukana kwa sauti, marehemu wa wiki mbili, nikiwa nimekaa juu ya sakafu yake. Mtu wa amani.

Wageni walipoondoka nilimkuta Mama akiosha vikombe. Nikaweka tepu juu ya meza. Hakuuliza ina nini. Aliitazama, akaendelea kusuuza, akasema, "Yaliyopita si ndwele, Nanjala." Nikamwambia mtu hawezi kusema si ndwele kama hakujua kulikuwa na ugonjwa. Akasema nimechoka, nikalale. Nikamwambia, "Miaka yote hii unachekesha watu kwa jina langu." Akafunga mfereji. "Ilikuwa siku moja," akasema. "Siku moja tu niliomba." Hakulia, na mimi sikumwonea huruma, na bado sijamwonea.

Kesho yake nilienda Kawangware. Karakana ya Nekesa iko karibu na pale Senge alipokuwa akikaa, imejaa milango na vitanda, na jina lake limeandikwa juu kwa rangi ya bluu. Baba alianza kumfundisha kazi alipokuwa na miaka kumi na minne, yeye, si Wafula, na sote tulisema ni mapenzi ya fundi kwa mwanafunzi mwepesi. Nilimkuta ameinama juu ya fremu. Nilimpa tepu, nikaanza kumwaga yote, Baba alijua, Mama alijua, unaona walichotufanyia. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza ile jioni ya bangili.

"Najua," akasema. "Siku ya kwanza kunifundisha kupima aliniambia, anzia kumi, halafu utoe kumi, hii imekatika. Nikamuuliza ilikatika lini. Akasema, kabla uje kwetu."

"Ukasema nini?"

"Nikaanzia kumi."

Nilimuuliza amewezaje kukaa nao mezani, kucheka, kumuuguza Baba miezi yote ile ya ugonjwa wake. Alifuta vumbi la mbao kwenye tepu kwa ukingo wa aproni. "Ile bangili nilivaa shule mpaka ikakatika," akasema. "Niliwaambia watoto nimepanda zote. Wakiniuliza, nawaambia vile ulinieleza. Hakuna mtu aliwahi kunikamata." Halafu akaivuta tepu kidogo, akaweka ncha yake juu ya fremu, na akanigeuzia ile namba ya kwanza. Sauti yake haikupanda. "Baba nilimalizana naye kitambo. Na Mama. Lakini wewe, Nanjala, ndiye ulikuwa umesoma. Uliishika hapa, kwa kisigino changu. Hukuona inaanzia sita?"

"Sikuona," nikasema.

"Sawa," akasema. Akachukua penseli nyuma ya sikio akarudi kwenye fremu yake, na mimi nikasimama pale na mkoba wangu mpaka nikaona niondoke.

Niliona. Nilikuwa nimepiga magoti, na namba ya kwanza, sita, ilikuwa karibu na kidole changu gumba. Nikafikiri tepu ni ya Baba, kama kuna kasoro atasema. Nikainua macho nikamtazama, na yeye alikuwa ananitazama, na tukangoja, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Nekesa alikuwa katikati yetu, amenyoosha shingo.